Paa Dogo? Nenda Dukani na Futi Kamba

Wanachuo wenzangu, kuna kosa nililifanya muhula uliopita ambalo hapa chuoni alilijua rumeti wangu peke yake. Leo nalitoa hadharani, maana naona wengi wetu tukirudi likizo tunakutana na swali lile lile: "Wewe uko chuo, hebu tusaidie, tununue sola gani?"

Nilichukua sehemu ya bumu, nikaongeza na hela ya mama iliyotoka kwenye mgao wa kikoba chake wa mwaka mzima, nikaenda mjini. Paneli niliyonunua ilikuwa na lebo ya wati 300. Muuzaji akaniambia hiyo moja inatosha friji, feni na taa, nisiwe na wasiwasi. Nikaipakia kwenye bajaji, nimeikumbatia kama mtoto, roho kwatu.

Mama anauza mtindi na juisi ya ukwaju pale kibarazani kwetu Mbagala. Friji ndiyo biashara yenyewe. Siku ya kwanza ilikwenda mpaka usiku. Siku ya tatu betri ikazima saa mbili. Wiki ya pili umeme wa kawaida ulikatika kutwa nzima, sola nayo ikashindwa, na asubuhi yake mama akamwaga ndoo mbili za mtindi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi baba, tumejifunza." Kwa kweli afadhali angenigombeza.

Mimi nasoma uhasibu, si uhandisi. Lakini nilipokaa na rumeti wangu, ambaye anasoma umeme, tukagundua kwamba hesabu zilizoniponza wala si za chuo. Ni za shule ya msingi: urefu mara upana.

BATI LINA MWENYEWE

Kwanza mlielewe paa letu, maana najua wengi mna la namna hiyo hiyo. Nyumba ni ya urithi. Babu alipofariki iligawanywa: baba mkubwa vyumba vitatu, shangazi viwili, na sehemu ya marehemu baba, tunayokaa sisi, vyumba viwili na kibaraza. Paa ni moja, la bati la msauzi, ila kila mtu anajua mpaka wake unapoanzia. Upande wa magharibi, kwa baba mkubwa, kuna simtanki juu ya mnara wa tofali.

Fundi wa kwanza aliyekuja baada ya ile hasara alitazama juu dakika mbili, akashauri tuweke paneli nane za wati 150, zianzie kwetu na kuvuka kidogo kwa baba mkubwa. Baba mkubwa mwenyewe hakukataa. Aliyekataa ni mama. "Jua ni la Mungu," akasema, "lakini bati lina mwenyewe. Leo tunaelewana sisi. Watoto wakija kugombana, nitapanda mimi kung'oa?"

Hapo swali letu likabadilika. Mwanzoni tulikuwa tunauliza paneli ipi ni bei rahisi. Sasa tukawa tunauliza: kila mita ya mraba ya bati letu itatupa wati ngapi? Mwenye kiwanja kikubwa anaweza kununua paneli dhaifu, na zikipungua nguvu akaongeza nyingine pembeni. Mwenye paa dogo hana pembeni. Akikosea mara moja, nafasi imekwisha.

ANZA NA DAFTARI

Rumeti alinikataza kutaja paneli kabla sijaandika vitu vyote vinavyotumia umeme nyumbani. Unachukua wati za kifaa, unazidisha kwa saa kinazotumika kwa siku, unapata wati-saa. Friji ina hesabu yake, kwa sababu mota yake inawaka na kuzima. Sisi tulizima kila kitu kingine, tukasoma mita ya LUKU saa kumi na mbili asubuhi na tena saa kumi na mbili jioni. Ilikuwa imekula nusu yuniti. Kwa hiyo siku nzima ni kama yuniti moja, yaani wati-saa 1,000. Daftari likasomeka hivi:

Friji ndogo: 1,000
Feni, wati 50 kwa saa 8: 400
Televisheni, wati 50 kwa saa 5: 250
Blenda ya juisi, wati 400 kwa nusu saa: 200
Taa tano za wati 7 kwa saa 5: 175
Kuchaji simu: 50
Jumla: wati-saa 2,075 kwa siku

Sasa jua. Jua la asubuhi na la jioni halina nguvu sawa na la saa sita mchana. Mafundi hulikusanya jua la kutwa nzima na kulihesabu kama saa chache za jua kali kabisa. Kwa Dar es Salaam, ukichukua saa 4.5 unakuwa mwangalifu bila kujinyima. Halafu kuna upotevu: joto, vumbi, nyaya, betri, inveta. Chukulia kwamba asilimia 70 tu ya nguvu ndiyo itakayokufikia. Basi unagawanya hivi:

2,075 ÷ (4.5 × 0.7) = 659

Tulihitaji kama wati 660 za paneli siku ya jua zuri. Masika yakiingia, mawingu yanaweza kukata nusu ya mavuno au zaidi. Kwa hiyo tukalenga wati 1,000 na kidogo. Kumbuka namba hiyo, maana ndiyo tuliyotakiwa kuibana kwenye bati la vyumba viwili.

PANELI YANGU YAKIRI KOSA

Paneli hupimwa maabara kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Wati zilizoandikwa kwenye lebo ni za hapo maabara. Sehemu ya mwanga inayogeuzwa kuwa umeme ndiyo inaitwa ufanisi. Paneli yenye ufanisi wa asilimia 20 inatoa wati 200 kwa mita moja ya mraba. Hesabu imekwisha.

Seli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kwa matumizi ilionyeshwa mwaka 1954 na Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson wa Bell Labs, Marekani, ikiwa na ufanisi wa asilimia 6 hivi. Tumetoka mbali. Paneli nzuri za kioo kimoja, zile nyeusi ambazo mafundi wanaziita "mono", siku hizi zinacheza kati ya asilimia 20 na 23. Zile za bluu zenye mabaka mabaka, "poli", nyingi ziko kati ya 15 na 18. Na kisayansi seli ya kawaida ya silikoni ina dari yake, karibu asilimia 29, hata ukiitengeneza kwa ustadi wa namna gani.

Sasa njoo kwenye paneli yangu ya "wati 300". Tulipoipima kwa futi kamba ilikuwa na urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 0.54. Eneo lake ni mita za mraba 0.648. Kwenye eneo hilo, maabara, linaanguka jua la wati 648. Ili itoe 300 ingebidi iwe na ufanisi wa asilimia 46! Haipo dukani, na kwa silikoni peke yake haiwezi kuwepo. Kwa asilimia 20 ingetoa kama wati 130.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba lebo yenyewe ilikuwa imekiri. Chini ya ile 300 kubwa kulikuwa na maandishi madogo: Vmp 18V, Imp 6.7A. Hizo ni volti na ampea paneli inapofanya kazi kwa nguvu zake zote, na ukizizidisha lazima upate wati zake. Kumi na nane mara 6.7 ni 120. Wati 120, jamani, ukweli uko hapo hapo kwa herufi ndogo! Kwa saa 4.5 na upotevu ule, paneli hiyo ilikuwa inatupa kama wati-saa 380 kwa siku, wakati friji peke yake inataka 1,000. Mtindi wa mama ulikuwa umeshamwagika siku ile nilipolipa.

Kwa hiyo ukienda dukani fanya mambo mawili kabla ya kuuliza bei. Kwanza, zidisha Vmp kwa Imp uone kama unapata wati zilizoandikwa. Pili, pima urefu na upana, tafuta eneo, kisha gawanya wati kwa eneo. Jibu likiwa kati ya 150 na 230 kwa mita ya mraba, endelea na mazungumzo. Likizidi 250, msalimie muuzaji uondoke. Jaribio hili halithibitishi kwamba paneli ni nzima, ila uongo mkubwa linaukamata.

PIMA PAA, HALAFU PIMA KIVULI

Upande wetu wa bati una urefu wa mita 4.2 na mteremko wa mita 2.9. Tukaacha sentimita 30 kila ukingo, kwa sababu upepo hupiga zaidi pembeni na fundi anahitaji pa kushika akirudi kufanya usafi. Tukabaki na mita 3.6 kwa 2.3.

Tukachora kwenye karatasi. Paneli za zamani za poli za wati 100, za mita 1 kwa 0.67, zinaingia kumi: tano kwa safu mbili. Jumla wati 1,000. Paneli za mono za wati 550, ambazo nyingi zina mita 2.28 kwa 1.13, zinaingia tatu zikisimama wima. Jumla wati 1,650. Bati ni lile lile na jua ni lile lile, ila tofauti ni wati 650. Tena paneli kumi zina viungo vingi vya nyaya na vyuma vingi vya kufungia kuliko tatu.

Nikataka tununue tatu hapo hapo. Rumeti akaniuliza, "Kivuli umekipima?"

Tukakaa kibarazani Jumapili nzima. Kila saa nilipanda ngazi kuchora kwa chaki mahali kivuli kilipofika. Asubuhi hakuna kitu. Kuanzia saa tisa alasiri, kivuli cha simtanki kinaingia upande wa magharibi, na kufika saa kumi kinakuwa kimefunika nafasi ya paneli ya tatu.

Unaweza kusema kivuli kidogo si neno. Ni neno. Seli ndani ya paneli zimeungwa moja baada ya nyingine, umeme unapita humo kama maji kwenye mpira. Ukiukanyaga mpira sehemu moja, maji yanapungua mpira mzima. Watengenezaji huweka daiodi za kuruka sehemu yenye kivuli, na paneli za nusu seli zimegawanywa ili nusu ya juu iendelee wakati ya chini imefunikwa. Hayo yanapunguza hasara lakini hayaiondoi. Nguzo ya antena, tawi la mwembe, hata kamba ya kuanikia nguo, vyote vihesabu. Na kumbuka jua linahama: kivuli cha Juni si kile cha Desemba.

Kwa hiyo paa letu la mita za mraba 12 kwenye karatasi lilikuwa, kwa jua la kweli, na nafasi ya paneli mbili nzuri. Mbili za 550 ni wati 1,100. Tulilenga 1,000 na kidogo. Zinatosha, na hakuna haja ya kuvuka kwa baba mkubwa.

UPANDE GANI, NA JOTO JE?

Mtandaoni utasoma kwamba paneli zielekee kusini. Huo ni ushauri wa Ulaya na Marekani, walio kaskazini ya mbali. Sisi Dar tuko nyuzi karibu 7 kusini ya ikweta. Jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kwenye Oktoba. Juni liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, elekeza kaskazini. Lakini kama paa lako lina mteremko mdogo, nyuzi 10 hadi 15, hata likitazama mashariki au kusini hasara yake ni ndogo. Usijenge mavyuma marefu ya kuinua paneli kwa sababu ya mwelekeo tu, utaongeza kazi ya upepo na kutupa kivuli kwenye paneli ya nyuma. Ila usiilaze kabisa: mteremko wa nyuzi 10 unaisaidia mvua kuosha vumbi.

Joto ndilo linalotuhusu zaidi. Juu ya bati la Mbagala saa saba mchana, seli zinaweza kufika nyuzi 60. Paneli nyingi za mono hupoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Nyuzi 35 za ziada ni asilimia 12 hivi, kwa hiyo ile 550 inakuwa kama 480. Karatasi ya maelezo ya paneli huonyesha namba hii, na iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo bora. Aina mpya zinazoitwa TOPCon ziko kwenye 0.30, na fremu ya ukubwa ule ule inaweza kutoa wati 580. Bei zikikaribiana, chukua hiyo. Zikipishana sana, piga hesabu: kwa paneli mbili unanunua wati 60 za ziada, je, unazihitaji?

Hapa kuna kitu hakigharimu: acha uwazi wa sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Na paneli ya ukubwa huu ina kilo 28 hivi, kwa hiyo vyuma vifungwe mpaka kwenye mbao za kenchi, visiishie kwenye bati, na kila tundu lizibwe kwa mpira na silikoni. Sola inayovujisha chumba cha mama si msaada.

KONTROLA INAYOKULA WATI

Kosa la mwisho nililokaribia kufanya: kutumia ile kontrola yangu ya zamani. Ilikuwa ya aina ya PWM, yenye betri ya volti 12. Paneli ya wati 550 inafanya kazi kwenye volti 42 na ampea 13 hivi. PWM inaishusha paneli mpaka volti za betri, ampea zinabaki zile zile. Kumi na tatu mara 13 ni kama 170. Yaani unanunua 550 na kuvuna 170! Aina ya MPPT inabadilisha volti za ziada kuwa ampea, na karibu nguvu zote zinaingia. Kwenye paa dogo hii si anasa. Ila soma kikomo chake cha volti: paneli mbili za namna hii zikiungwa kwa mfuatano, kabla ya kubeba mzigo zinafika kama volti 100. Kontrola isiyostahimili hapo itaungua siku ya kwanza.

TULIPOFIKIA

Mama alisubiri mgao mwingine wa kikoba. Safari hii tulikwenda dukani watatu: mama, mimi na rumeti. Muuzaji alipoona natoa futi kamba mfukoni alicheka, akaniuliza, "Dogo, unanunua paneli au kitambaa?" Mama akamjibu, "Mwache apime, hela ni ya mtindi." Duka la kwanza tuliondoka, paneli zake zilikuwa na wati 310 kwa mita ya mraba. Duka la tatu hesabu zilikubali: Vmp mara Imp sawa, wati 213 kwa mita ya mraba.

Tumefunga mbili, kontrola ya MPPT na betri ya lithiamu ya volti 24. Siku za jua friji haizimi. Sitawadanganya: masika, zikipita siku mbili za wingu zito mfululizo, tunazima televisheni na feni ili friji ibaki, na kama umeme wa kawaida upo tunarudi huko. Paneli mbili haziwezi kuvuna jua ambalo halipo. Lakini tangu tulipofunga mama hajamwaga ndoo hata moja. Ile "wati 300" yangu haikutupwa. Iko juu ya banda la kuku la shangazi, inawasha taa mbili, na lebo yake nimeirekebisha kwa kalamu nzito: 120.

Kama likizo hii nyumbani wanakusubiri na swali la sola, futi kamba yangu ipo chumbani, hosteli. Njoo uiazime, ila uirudishe.